Nilivyokifanya kiti cha dramu kitetemeke

Kanisani kwetu walipoondoa monita, zile spika za kujisikilizia, jukwaani na kutugawia hedifoni za masikioni, waimbaji walifurahi. Mimi mpiga dramu nilipoteza kiki, ile ngoma kubwa ya kukanyaga kwa mguu. Kuisikia naisikia, tena safi kuliko zamani, lakini kama mtu anayebisha hodi kwa jirani. Miaka yote lile spika la inchi 15 lilikuwa linanipiga mgongoni, kumbe ndilo lililokuwa linaniambia nimekanyaga sawasawa. Lilipoondoka nikawa nakanyaga kwa hasira mpaka ugoko unauma. Evelyn Glennie, mpiga ngoma wa Uskoti aliyepoteza sehemu kubwa ya usikivu wake utotoni, hupiga pekupeku ili mwili upokee mtetemo. Mimi nina viatu vya ibada, basi nikaamua mtetemo upitie kwenye kiti.

Kifaa chenyewe ni kitetemeshi cha wati 50, omu 4. Ndani kina koili na sumaku kama spika, ila hakina karatasi ya kusukuma hewa. Kinasukuma kipande cha chuma kizito, na ule mtikiso unaingia kwenye chochote ulichokifungia. Kazi yake ni sauti za chini, hezi (mitikiso kwa sekunde) 20 hadi 80 hivi. Nilikiunga na amplifaya ndogo, nayo ikapata sauti kutoka tundu la aux la miksa, njia ya pembeni ya kutolea sauti unazozichagua.

Kosa la kwanza lilikuwa la kukifunga. Nilitumia mikanda ya plastiki chini ya kiti, kikawa kinagongagonga chenyewe na matako hayapati kitu. Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea. Akakitazama kiti, akaniuliza, "Kaka, unatengeneza cha kusagia?" Akakata bamba la chuma la milimita 4, akatoboa matundu, tukalikaza kwa bolti kwenye kile chuma kinachoshika mto wa kiti. Hapo mtetemo ukaja. Ukaja kupita kiasi.

Nilikuwa nimetuma kila sauti kwenye kiti: kinanda, waimbaji, mpaka mchungaji. Kukaa juu ya mahubiri ni jambo la ajabu, sikushauri. Nikabakiza kiki na gitaa la besi tu, nikakata kila kilicho juu ya hezi 80. Bado kila wimbo wa ufunguo wa E ulinitikisa meno. Ilinichukua wiki mbili kuelewa: waya wa E wa besi ukiachwa wazi unatoa kama hezi 41, na kitetemeshi changu chenyewe hutetemeka kwa nguvu kuliko kawaida karibu na hezi 40. Nikashusha hapo kwenye ikwalaiza, kile kifaa cha kupandisha na kushusha sauti za juu na za chini, noti zikalingana.

Tatizo gumu lilikuwa jukwaa. Letu ni la mbao, na miguu ya kiti ilipeleka mtetemo mpaka kwenye stendi za maikrofoni za kwaya. Fundi mitambo akawa anasaka ngurumo asiyoijua inatoka wapi. Mama mmoja wa sauti ya pili ndiye aliyeigundua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona ukipiga hiyo dramu miguu yangu inawashwa?"

Nilikata kandambili kuukuu, nikaweka tabaka mbili chini ya kila mguu wa kiti. Hazikutosha; zilibonyea ndani ya ibada moja. Kilichofaa ni vipande vinene vya mpira wa tairi, kwa wale mafundi wa makatambuga, na juu yake kipande cha zulia. Ngurumo ikaisha. Kiti nacho kikaongezeka nguvu, maana mtetemo haukuwa tena na njia ya kutorokea sakafuni, nikapunguza amplifaya karibu nusu.

Nati ni habari nyingine. Jumapili ya pili moja ilidondoka katikati ya pambio, ikaviringika hadi miguuni kwa mzee wa kanisa. Nimeweka washa za springi, na kila Jumamosi baada ya mazoezi nakipindua kiti, nazikagua kwa spana.