Nilivyopata nakala ya OB ya zamani bila namba yake

Polisi wa Nairobi hawatafuti taarifa kwa jina. Wanatafuta kwa kituo, halafu tarehe, halafu namba. Kwa taarifa za miaka ya nyuma, kilichopo ni kitabu cha matukio, kile ambacho kila mtu hukiita OB: daftari nene linaloandikwa kwa kalamu pale kaunta, na likijaa linafungwa na kuwekwa stoo. Ukifika na jina lako tu ukasema "niangalie, niliripoti hapa," afande hana pa kuanzia. Atakuambia urudi kesho, na kesho hatakuwa yeye.

Nilichokuwa nikitafuta ni taarifa ya wizi wa pikipiki ya Juni 2022. Bima walitaka namba ya OB na nakala yenye mhuri, na kile kikaratasi nilichoandikiwa namba kilikuwa kimepotea. Kazi kubwa ilifanyika nyumbani, kabla ya kupanda matatu kwenda kituoni.

Kwanza, ielewe namba yenyewe. OB 27/11/6/2022 ni tukio la 27 lililoandikwa tarehe 11 Juni 2022. Saa sita ya usiku ikipita, hesabu inarudi 1. Kwa hiyo mtu akikwambia "OB yangu ni 27" hajasema kitu, kwa sababu 27 iko karibu kila siku, na iko katika kila kituo cha jiji. Bila jina la kituo na tarehe kamili, namba haifunguki.

Kuhusu kituo, usiamini jina la mtaa. Aliyeibiwa Gikomba huenda alipelekwa Kamukunji. Wa South B huwa wa Industrial Area. Kawangware imekaa kati ya Muthangari na Kabete, na watu wa mtaa mmoja huripoti kwingine kulingana na upande waliotokea. Kisha kuna vituo vidogo vya doria, vile vibanda vya mabati vya mtaani. Ukiripoti hapo, uliza kituo mama ni kipi, maana faili ya upelelezi hufuata huko hata kama mstari wa kwanza uliandikwa kwenye kibanda. Ajali ya barabarani nayo, ulizia kwa maafisa wa trafiki wa kituo kilichoishughulikia. Ukianza kwa kaunta ya kawaida utazungushwa.

Tarehe ndiyo iliyonikwamisha, na naona ndiyo huwakwamisha wengi wanaozungumza Kiswahili. Pikipiki iliibwa "Ijumaa usiku saa nane." Kwetu hiyo bado ni Ijumaa, kwa sababu mtu hajalala. Kwa polisi ni Jumamosi, 0200. Nilikuwa nikiomba ukurasa wa tarehe 10 wakati maandishi yako tarehe 11. Zaidi ya hapo, OB hupangwa kwa wakati wa kuripoti, wala haijali tukio lilitokea lini. Ukiibiwa Ijumaa ukaripoti Jumatatu baada ya kutoka kazini, uko kwenye ukurasa wa Jumatatu. Basi ukiandika ombi, taja siku uliyosimama kaunta na saa uliyosimama hapo, na saa uiandike kwa mtindo wao wa saa 24 ili kusiwe na saa mbili ya asubuhi na saa mbili ya usiku zinazopigana.

Ikiwa siku huikumbuki, simu inakumbuka. Omba Safaricom orodha ya miamala yako ya M-Pesa ya mwezi ule, kisha tafuta nauli ya boda ya kwenda kituoni, pesa uliyomtumia fundi wa kufuli, au malipo ya dawa hospitalini. Picha ulizopiga siku ile zina tarehe na saa ndani yake. Ujumbe wa WhatsApp wa "nimeibiwa jamani" ndio ushahidi mzuri kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote.

Na kabla hujaanza kufukua vitabu, tafuta namba mahali ilipojificha. Kila ofisi uliyoipelekea abstrakti ya polisi, yaani ile hati ya kituo inayothibitisha kuwa uliripoti, ina nakala yake: benki iliyokubadilishia kadi, walikokutengenezea kitambulisho kipya, mwajiri, wakili. Fomu ya P3, ile ya daktari kueleza majeraha, ikijazwa kituoni huwekewa namba ya OB, na nakala inaweza kuwa hospitalini au kwa mpelelezi. Risiti ya dhamana ya pesa taslimu, kama kuna aliyekamatwa, iangalie pia. Simu tano za namna hii zinaweza kukuokolea wiki tatu.

Kaunta nako kuna wakati wake. Usiende alfajiri zamu inapobadilishana, wala jioni watu wanapoletwa kwa wingi. Katikati ya asubuhi ni afadhali. Ukisema "Afande, naomba kuonana na OCS kuhusu taarifa ya Juni 11, 2022, kati ya 0700 na 0900," unasikilizwa tofauti na anayesema "nimekuja kuhusu kesi yangu." Afisa wa kaunta hana mamlaka ya kukupa nakala ya kitabu. Mwenye kauli ni OCS, mkuu wa kituo, au msaidizi wake. Usimlaumu wa kaunta kwa kukataa. Muombe akuonyeshe mlango.

Ukiitishwa kitu kidogo ili "kitabu kitafutwe," jua kwamba kuomba habari hakulipiwi. Sheria inaruhusu kutozwa gharama ya kutoa nakala tu, na malipo ya serikali hupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, paybill 222222, ukapata risiti. Pesa inayoenda kwa simu ya mtu binafsi haikuachii chochote cha kuonyesha.

Maneno ya mdomo yaliposhindwa niliandika barua, na hapo mambo yakabadilika. Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inayotekeleza Kifungu cha 35 cha Katiba, inampa raia wa Kenya haki ya kuomba habari iliyo mikononi mwa taasisi ya umma, na ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Niliandika kwa Kiswahili. Hulazimiki kueleza sababu, na ombi haliwezi kukataliwa kwa kuwa tu hukutumia fomu yao. Asiyejua kusoma na kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia kuandika, anapaswa kusaidiwa na afisa kuliweka ombi lake kwenye maandishi.

Barua yangu haikuzidi ukurasa mmoja. Kiini chake kilikuwa hiki: "Naomba nakala iliyothibitishwa ya maandishi ya kitabu cha matukio kuhusu wizi wa pikipiki nilioripoti mimi mwenyewe kituoni hapo kati ya tarehe 10 na 12 Juni 2022, hasa asubuhi ya tarehe 11 kati ya 0700 na 0900. Naomba pia namba ya faili ya upelelezi ikiwa ilifunguliwa. Majina ya watu wengine yanaweza kufichwa." Chini niliweka namba ya usajili ya pikipiki, namba ya kitambulisho na ya simu. Sentensi ile ya kufichwa majina ina kazi yake: inaondoa sababu rahisi ya kukataa, kwamba unaingilia faragha ya mtu mwingine.

Omba maandishi ya tukio moja. Anayeandika "nataka rekodi zote za wizi katika mtaa wetu tangu 2020" anajitafutia kucheleweshwa, maana ombi la habari nyingi ni miongoni mwa sababu zinazokubalika za kuongeza muda.

Chapisha nakala mbili. Moja inabaki kituoni, nyingine, ya kwako, igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na afisa aandike jina au namba yake. Bila mhuri huo siku hazihesabiki. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21 tangu ombi lipokewe. Muda unaweza kuongezwa mara moja, usizidi siku 14. Kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, kwa mfano ndugu aliyechukuliwa na hamjui yuko kituo gani, ni saa 48, na barua iseme hivyo kwenye mstari wa kwanza. Siku zikipita kimya, sheria inahesabu kuwa umekataliwa, na una siku 30 kwenda Tume ya Haki ya Utawala, yaani Ombudsman, iliyoko West End Towers, Waiyaki Way. Beba ile nakala yenye mhuri.

Kuna ambayo hutapata, na ni haki usipate. Taarifa ya mtoa habari wa polisi, au faili ambayo upelelezi wake ungali moto, itazuiwa kwa kuwa inaweza kuharibu kesi au kuhatarisha mtu. Mshtakiwa ana njia nyingine: ushahidi wa upande wa mashtaka anaupata kupitia mahakama, kwa haki ya Kifungu cha 50. Kesi ikishafika mahakamani, acha kituo uende masijala ya Milimani, Makadara au Kibera ukiwa na namba ya kesi. Kituoni utapata tu tarehe ya kushtakiwa na namba hiyo.

Kuhusu kumchunguza mtu mwingine, mathalan mpangaji au dereva unayetaka kumwajiri: usinunue "kuangaliwa jina." Anayekuuzia anavunja sheria au anakula pesa yako bure. Njia halali ni mhusika mwenyewe kuomba cheti cha mwenendo mwema. Anaomba kwa akaunti yake ya eCitizen upande wa DCI, idara ya upelelezi wa jinai, analipa, anachapisha fomu ya C24 pande zote mbili za karatasi moja, kisha anatolewa alama za vidole kwenye Huduma Centre au makao makuu ya DCI, Kiambu Road. Wengi hurudishwa kwa sababu C24 imechapishwa kwenye karatasi mbili. Cheti kikiwa tayari, anakipakua kutoka akaunti hiyo hiyo.

Na ikiwa kitabu hakionekani? Omba kituo kikuandikie hivyo, kwa barua yenye mhuri. Halafu andikisha taarifa mpya leo, ikieleza wazi kwamba ni tukio la 2022 lililoripotiwa hapo awali. Usikubali kushauriwa ubadilishe tarehe ya tukio ili "iingie vizuri". Kumpa mtumishi wa umma habari za uongo ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na mkaguzi wa bima hulinganisha tarehe kabla ya kitu kingine chochote.

Nakala ikitoka, isome hapo hapo kaunta. Linganisha namba ya usajili herufi kwa herufi, kwa sababu B na D, 0 na O hubadilishana sana kwenye mwandiko wa haraka. Jina lifanane na la kitambulisho, tarehe ya tukio itofautishwe na ya kuripoti, na mhuri usifunike namba ya OB. Ya kwangu ilikuwa na tarakimu moja iliyokosewa. Ikasahihishwa kwa sahihi ya afisa pembeni, dakika mbili, kabla sijatoka getini.