Tukutane kwa Tai

Jana binti yangu aliniuliza: "Baba, zamani kabla ya simu watu wa hapa walikuwa wanapatanaje mjini?" Nikamwambia, kwa Tai. Hapa Philadelphia, Marekani, kizazi baada ya kizazi, watu wamepeana miadi chini ya yule ndege wa shaba nyeusi katika duka la tajiri Wanamaker, ambalo baadaye liliitwa Macy's na kufungwa Machi 2025.

Nikamkumbuka Mama, mwaka ule alipotutembelea. Habari za uwanja wa ndege na makoti ya kuazima naziruka.

Tuliingia saa sita mchana. Mama anatazama juu, ghorofa juu ya ghorofa kuuzunguka ukumbi, mara kinanda kikubwa cha mabomba kikaanza. Kwetu Bukoba kinanda cha kanisani kilipigwa kwa kukanyaga, na ukikaa nyuma hukisikii. Hiki kilitetemesha sakafu. Mama akanishika mkono.

"Hapa ni kanisani au dukani?"

"Dukani, Mama."

Akanyamaza. Wimbo wenyewe hatukuujua, lakini yeye ameimba kwaya tangu usichana, na nikamwona anaitafuta sauti ya pili. Akaikosa, akaitafuta tena, akaipata. Aliimba mdomo umefumba, macho kwenye mabomba ya dhahabu, huku watu wakipita na mifuko yao. Muuzaji mmoja alimtazama, akaenda, akarudi na kiti. Hakumuuliza anataka nini. Mama akakaa wima, pochi mapajani, mpaka noti ya mwisho.

Baadaye nilimweleza kwamba kinanda na tai vyote vilitoka kwenye maonyesho ya St. Louis ya 1904, na kwamba kinanda kilipowekwa humu kilionekana kidogo kwa ukumbi huu, wakaongeza mabomba miaka na miaka hadi yakafika 28,750. Akasema, "Basi huyo tajiri alikuwa na mama." Sijui alimaanisha nini, wala sikumuuliza.

Siku hizi akipiga simu huniuliza kama bado kinapigwa. Namjibu kwamba jengo limepata wenyewe wapya, na wamesema kinanda na tai vitabaki. Nafurahi. Ila yule aliyeleta kiti alikuwa mfanyakazi wa duka, na duka halipo. Mama wa mtu mwingine akiingia pale amechoka, hana cha kununua, nani atamwona?