Kokoto Kinywani

Wapendwa, Bwana asifiwe. Wiki hii moyo wangu umelemewa na vijana wetu wanaosomea uhandisi hapa Kampala. Mmoja wao (ameniruhusu nilisimulie) aliomba tumwombee apate daraja la kwanza, maana amebakiza kidogo afikie wastani wa alama 4.40 unaohitajika. Tukaomba kwa nguvu. Baada ya ibada akanidokezea kwamba ripoti yake ya maabara ya zege imekwisha. Nikashangaa. Niliwahi kufanya kazi ya ujenzi kabla ya utumishi: vipande vya zege vya kupimia huvunjwa kwa mashine siku ya 7, kisha ya 28, na hivyo vyao wamevimwaga juzi. Namba amezitoa wapi?

"Za mwaka jana, mchungaji. Wote wanafanya hivyo. Nisipofanya watanipita."

Wazazi, hapo tusimlaumu peke yake. Matokeo ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, yakitoka, picha za waliofaulu zinajaa magazetini, nasi swali letu ni moja: umekuwa wa ngapi? Mtoto anakua akijua mwenzake ni wa kuachwa nyuma. Akifika chuo anaficha mitihani ya zamani ndugu yake asiione.

Someni tena Mathayo 25, polepole. Aliyeleta faida ya talanta tano na aliyeleta ya mbili waliambiwa maneno yale yale: "Vema, mtumwa mwema na mwaminifu." Hakuna aliyeulizwa amemzidi nani. (Kwetu sisi, huyu wa mbili angerudi nyumbani ameinamisha kichwa.)

Mwanangu, nakwambia kama baba. Kipande cha zege kikivunjika mapema, kinakueleza kwamba maji yalizidi, au mchanga ulikuwa mchafu, au hamkushindilia vizuri. Elimu uliyolipiwa ada ndiyo hiyo. Ukiandika namba ya mwaka jana, umemziba shahidi mdomo. Kesho utatia sahihi michoro ya ghorofa, na mafundi watapanda juu kwa kuiamini sahihi yako. Mji huu umekwisha kufukua wajenzi chini ya vifusi. Sihitaji kukuhubiria hilo. "Mkate wa uongo ni mtamu kwa mtu, lakini halafu kinywa chake kitajazwa kokoto," Mithali 20:17. Ole wetu kama kinywa hicho kitakuwa cha fundi asiye na hatia.

Nenda kwa mwalimu wako kabla hajasahihisha, uiombe ile ripoti. Alama zikipungua, zipungue. Siku ya 28 ikifika, vunja vipande vyako mwenyewe, uandike kile mashine inachosoma.