Mfuko mweupe wa IOM

Kama ulipitia Nyarugusu, ile kambi ya wakimbizi ya Tanzania, ukapandishwa ndege kuja Marekani basi ule mfuko mweupe wa plastiki wa IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, unaujua, ule tulioambiwa usiuachie hata ukienda chooni, maana ndani ndo kuna makaratasi yote ya familia. Hapa Lexington, Kentucky, kuna mama mmoja wa kwetu Fizi, mashariki ya Kongo, ana watoto watano, mume hakufika, yeye aliendelea kuutumia, kila barua ikiletwa anaitumbukiza humo bila kufungua, miezi saba nzima, mpaka siku naenda kwake kutafsiri nikakuta umejaa hadi umeanza kuchanika pembeni.

Nilienda na bibi mmoja mzungu, mwalimu mstaafu, wa kanisa la Kipresbiteri lililoipokea hiyo familia. Kiswahili chake ni karibu na asante basi. Akamwaga barua zote mezani, akavaa miwani, tukaanza kuzipanga mafungu matatu, za kulipa, za kujibu, za kutupa. Tulikaa kuanzia saa nne asubuhi mpaka jua linazama. Kulikuwa na bili ya umeme, barua za shule, bili ya hospitali ambayo hata hakutakiwa kulipa maana Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ilishamlipia, na ile ya deni la tiketi za ndege. Hii ya tiketi, mama alipoona nembo ya IOM alinishika mkono akaniuliza, "Baba, hii si ndo ya kuturudisha kambini?" Nikamwambia hapana mama, ni lile deni tulilosaini kabla ya safari, halina riba, mtu anaanza kulipa baada ya miezi sita na analipa kidogo kidogo. Alilia. Kumbe miezi yote alikuwa anailalia hiyo hofu.

Toka siku ile nikiulizwa makanisa ya huku yanatusaidia nini, naanza na ile meza. Sofa zilikuja, magodoro yalikuja, sufuria zilikuja, na tunashukuru kweli kweli, lakini sofa inaletwa siku moja, kusoma barua ni kila wiki. Kumpeleka mtu kazini saa kumi na moja alfajiri kabla hajapata leseni ni kila siku.

Utaratibu wenyewe wa huku ni wa zamani. Kentucky Refugee Ministries, shirika la kupokea wakimbizi, ipo tangu 1990 na inashirikiana na makanisa, kanisa linaunda timu, linasaidia kupanga nyumba, linakuja kukupokea eapoti, linatembea na wewe miezi ya mwanzo. Hela ya serikali nayo ilikuwepo, siku 90 za kwanza za renti na mahitaji. Halafu ikaja Januari 2025, mpango wa kupokea wakimbizi ukasimamishwa, tarehe 24 mashirika yakaandikiwa yasimamishe kazi hata kwa familia zilizokwisha kufika, yaani mtu katua juzi na hajui hata kituo cha basi kiko wapi. Sisi Wakongomani ndo tuliguswa sana maana mwaka wa fedha 2024 Kongo ndo ilikuwa ya kwanza kwa wakimbizi walioingia Marekani. Na kabla hatujatulia, sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 ikawatoa kwenye fudi stempu, ule msaada wa serikali wa kununua chakula, wakimbizi ambao hawajapata grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu. Sasa hapo nani amebaki? Wamebaki watu wa makanisa, na wengi wao ni wazee wa pensheni, nawaona wanavyochoka.

Kuna kitu kimoja niwaambie kwa upendo ndugu zetu wa makanisa ya wazungu, na nilishawaambia uso kwa uso. Msiwasimamishe hao mama mbele ya ibada watoe ushuhuda wa vita wiki mbili tu baada ya kufika. Mtu hajalala vizuri bado, mnamwomba asimulie alivyompoteza mtoto wake, halafu anakubali kwa sababu mmemletea kitanda. Mwacheni. Akitaka kusema atasema mwenyewe siku yake.

Na sisi tuliotangulia je? Sisi tunaabudu saa saba mchana kwenye ukumbi wa kanisa lao, wakitoka tunaingia na kinanda na kwaya. Tumeshazoea kuchanga, msiba tunachanga, harusi tunachanga, sombe (kisamvu) na ugali tunapeleka kwa wageni na hilo akina mama wetu hawana mpinzani. Ila kwenye barua tulikuwa tunawaachia wazungu wakati sisi ndo tunajua lugha zote mbili! Sasa kila Jumamosi saa nne tunafungua ukumbi, tunaweka meza, na vijana wetu waliomaliza haiskuli hapa wanasoma barua pamoja na yule bibi. Tunahitaji wenye magari pia, hata kwa zamu moja kwa wiki, nitafute.

Jumamosi iliyopita mama wa Fizi alikuja. Nikashangaa anaingia na ule mfuko, umejaa tena, nikajua tumerudi kule kule. Kumbe barua si zake, ni za jirani yake aliyefika Januari ile ile ya 2025 na anaona aibu kuja. Mama akavuta kiti karibu na bibi, Kiingereza hasomi lakini nembo ameshazijua zote, akaanza kuzipanga mwenyewe, mafungu matatu.