Siku Moja Maishani Mwangu: Kumimina Mvinyo Ambao Mgeni Hajawahi Kuusikia

Saa nne asubuhi ninafungua ghala la mvinyo na kusoma kipimajoto kabla ya kugusa chupa yoyote. Mimi ni mshauri wa mvinyo katika mkahawa mdogo wa mtaani, na sehemu kubwa ya orodha yangu ni majina ya aina za zabibu ambayo wageni wetu hawajayazoea: Assyrtiko, Rkatsiteli, Carmenère, Savagnin. Wanaojaza meza zetu ni majirani, na kwa kuwa hurudi mara kwa mara, ninaweza kumwongoza mtu mmoja kwa miezi kadhaa, kutoka kwenye chupa anayoifahamu hadi kwenye ile ambayo asingethubutu kuiagiza peke yake.

Saa tano anafika msambazaji na chupa za kuonjwa. Ninapenda kuonja wakati huu, kabla ulimi haujachoshwa na chakula, na kila funda ninalitema. Leo ameleta Assyrtiko ya Santorini, kisiwa cha Ugiriki chenye udongo wa volkano ambao filoksera, mdudu aliyeangamiza mizabibu ya Ulaya katika karne ya 19, hakuweza kustawi ndani yake. Ndiyo maana mizabibu ya huko bado inasimama juu ya mizizi yake yenyewe. Wakulima husokota matawi kuwa mfano wa kikapu kilicholala ardhini, ili zabibu zikue ndani yake zikiwa zimekingwa na upepo mkali. Ingawa zabibu hizo huiva katika jua kali, mvinyo wake una uchachu ulionyooka na ladha inayokaribia chumvi. Ninaichukua bila kusita.

Saa nane ninakaa na wahudumu, na hiki ndicho kipindi ninachokithamini kuliko vyote. Ninawamiminia Rkatsiteli kutoka Kakheti, nchini Jojia, uliochachushwa pamoja na maganda yake ndani ya qvevri, mtungi mkubwa wa udongo unaofukiwa ardhini, kwa njia ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2013 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Zabibu ni nyeupe, lakini kwa kukaa na maganda mvinyo hupata rangi ya kaharabu na ukakasi unaoshika ufizi. Mhudumu akimwambia mgeni kwamba huu ni mvinyo mweupe tu, mgeni atatarajia wepesi, na ukakasi ule atauona kuwa kasoro. Kwa hiyo tunakubaliana namna ya kusema: unatokana na zabibu nyeupe, lakini mdomoni una nguvu ya mvinyo mwekundu. Jina la zabibu litajwe mwisho, mgeni akishaonja, kwa sababu jina geni humfanya mtu aanze kujilinda kabla glasi haijafika mdomoni.

Saa kumi ninapanga majokofu. Mvinyo mwekundu mwepesi ninauweka karibu na nyuzi 14, maana ukipata joto kupita kiasi harufu ya kileo hufunika kila kitu.

Saa moja jioni wageni wanaanza kuingia. Mama mmoja ambaye huagiza Sauvignon Blanc, mvinyo mweupe, kila anapokuja ananieleza, nilipomuuliza, kwamba anachokipenda ni ule uchachu unaoamsha ulimi. Ninampa funda moja la Assyrtiko, naye anaomba glasi kamili. Meza ya pili wanataka Merlot, mvinyo mwekundu. Ninawaonjesha Carmenère ya Chile, kisha ndipo ninapowasimulia kwamba mizabibu hiyo ilipandwa huko kwa miaka mingi ikidhaniwa kuwa Merlot, hadi mwaka 1994 mtaalamu wa mizabibu kutoka Ufaransa, Jean-Michel Boursiquot, alipoitambua kuwa aina ya kale ya zabibu za Bordeaux, nchini Ufaransa. Hadithi hiyo inapendeza zaidi ladha ikiwa bado ipo mdomoni.

Saa tatu kijana mmoja anaona chupa fupi nene ya vin jaune, yaani mvinyo wa manjano wa Jura, mashariki mwa Ufaransa, kwenye meza ya jirani, naye anataka. Mvinyo huo wa zabibu za Savagnin hukaa ndani ya pipa lisilojazwa hadi juu, chini ya utando wa chachu, kwa zaidi ya miaka 6, kisha hutiwa katika chupa ya sentilita 62. Katika mvinyo mweupe amezoea Chardonnay tu, na harufu ile ya jozi na viungo inamshtua. Ninaiondoa glasi bila kubishana wala kumtoza, ninamletea mvinyo mwingine wa Jura uliotunzwa katika mapipa yaliyojaa, nao anaumaliza. Kwa maoni yangu, vin jaune haistahili kuwa lango la kuingilia Jura, hata kama ndiyo fahari yake kuu.

Saa tano usiku ninaandika katika daftari kila meza ilipenda nini na kwa sababu gani. Vin jaune iliyofunguliwa itadumu kwa wiki kadhaa; Assyrtiko iliyobaki inarudi kwenye jokofu, na kesho ndiyo itakayomiminwa kwanza.