Siku moja maishani mwangu: mnaomba kitufe, nauliza jana ilikuwaje

Saa 11:40 alfajiri

Kabla sijanawa uso nimeshashika simu. Tabia mbaya, najua. Kuna ujumbe wa sauti wa WhatsApp wa dakika 4 kutoka kwa mweka hazina wa kikoba kimoja cha upande wa Ifakara. Dakika tatu na nusu ni salamu, habari za mvua, na jogoo anayewika nyuma yake. Kazi yenyewe iko mwishoni: "Mwanangu, tuwekee kitufe cha kufuta."

Ninasimamia programu huria ndogo ya simu, ya kutunza hesabu za vikoba: hisa, mfuko wa jamii, mikopo, faini. Tulianza wawili, mwenzangu akapata kazi ya mshahara, nikabaki na watu wa kujitolea ambao wengi wao sijawahi kuwaona sura. Leseni yetu ni GPL toleo la 3. Yeyote anaruhusiwa kuitumia programu, kuusoma msimbo wake (maandishi yanayoiendesha), kuubadili na kuusambaza, ila akisambaza alichobadili sharti atoe na msimbo wake. Kinachonilisha ni mafunzo ninayoyatoa kwa vikundi siku mbili kwa wiki. Siku nyingine, kama leo, nashinda na maombi ya watu.

Saa 2 asubuhi

Chai, chapati, tiketi, yaani maombi na malalamiko ya watumiaji, kila moja na namba yake. Tisa zimeingia usiku. Tatu zinaomba skrini nyeusi ya usiku, jambo ambalo tayari lina tiketi yake tangu mwaka juzi, kwa hiyo nazifunga na kuzielekeza kule. Mbili ni hitilafu za kweli. Moja imeandikwa "HITILAFU KUBWA: haina M-Pesa". Hiyo si hitilafu, ndugu yangu. Hitilafu ni pale tulipoahidi kitu kikashindwa kufanya kazi. M-Pesa hatujawahi kuiahidi. Nabadilisha lebo, naweka "ombi".

Wengi hudhani kupanga maombi ni kuhesabu kura. Januari 2016 wasimamizi wa miradi mingi waliiandikia GitHub, mtandao tunakotunza msimbo na tiketi zetu, barua ya wazi. Moja ya kero zao ilikuwa tiketi kujaa maoni matupu ya "+1", yaani "nami nataka". Machi mwaka huohuo vikaletwa vidole gumba, na kelele zikapungua. Lakini kwetu kidole gumba hupima kitu kingine kabisa: hupima nani ana bando na anajua GitHub ni nini. Skrini nyeusi ina vidole vingi kuliko ombi lolote tulilonalo, na karibu vyote ni vya waandishi wa programu wenzangu. Yule mama wa Ifakara hana hata kimoja. Ndiyo maana ombi la WhatsApp nalihamisha mwenyewe kwa mkono, nalipa namba na lebo kama mengine.

Saa 4 asubuhi

Nampigia.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Umeshakiweka?"

"Bado, mama. Kwanza nieleze, jana kikaoni ilikuwaje?"

Nimejifunza kuuliza hivyo baada ya kutengeneza vitu vingi ambavyo hakuna aliyevitumia. Mtu akiomba kitufe anakuwa ameshapita kwenye tatizo, akajitafutia dawa, akakuletea jina la dawa.

Ilikuwa hivi. Kwao hisa moja ni shilingi 2,000, na mtu hununua kuanzia moja hadi tano kwa kikao. Mwanachama namba 12 alinunua hisa tatu. Katibu, mtoto mgongoni, akabonyeza tano. Wakafika mwisho, wahesabu fedha wakahesabu mara mbili, sanduku likawa na pungufu ya 4,000 ukilinganisha na simu. Saa nzima ya maneno chini ya mwembe, na mtu mmoja karibu anyanyuke aondoke kwa kutazamwa vibaya. Kitabu cha mwanachama kilipofunguliwa kikaonekana kina mihuri mitatu, ugomvi ukaisha. Kwenye simu, hata hivyo, tano imebaki tano.

"Sasa mkafanyaje?"

"Katibu akaandika mkopo wa 4,000 kwa namba 12. Hesabu ikakaa sawa."

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Programu yetu mkopo ukishaandikwa inaudai riba, na wao wameiweka asilimia 10 kwa mwezi. Mama wa watu anadaiwa 4,400 ambazo hajawahi kuzishika.

Nikamweleza kwa nini kufuta sitaki. Sanduku lao lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, ili pasiwe na mtu wa kulifungua peke yake. Kitufe cha kufuta ni ufunguo wa nne, tena unakaa kwenye simu ya mtu mmoja. Leo kafuta kosa, kesho atafuta nini? Kinachofaa ni kusahihisha: kosa libaki linaonekana, na chini yake uandikwe mstari wa kuliondoa, wenye saa na sababu, usomwe kwa sauti kikaoni.

Akafikiri. "Sawa. Lakini hiyo mia nne ya riba nani atailipa?"

Saa 6 mchana

Naandika tiketi. Jina la ombi silichukui lilivyokuja. "Kitufe cha kufuta" linageuka "Kusahihisha hisa zilizoandikwa kimakosa kabla na baada ya kikao kufungwa". Naongeza kisa cha jana bila majina, hesabu ya 4,000 na njia ya mkato waliyoitumia. Hiyo njia ya mkato ndiyo ushahidi ninaouamini. Watu wakianza kukuandikia mikopo ya uongo ili programu yako ikubali, ujue wamekuvumilia vya kutosha.

Saa 8 mchana

Wali maharage, kisha kukataa. Shirika moja linataka kila mwanachama awekwe na picha, namba ya NIDA na mahali alipo. Simu ya kikundi huazimwa, huibwa, hudumbukia mtoni. Nakataa, nataja sababu, nafunga tiketi. Wanajibu kwamba watachukua msimbo watengeneze tawi lao, yaani toleo lao wenyewe. Haki yao kabisa, leseni inasema hivyo.

Kukataa kwa Kiswahili kuna mtego wake. "Tutaliangalia" kwetu ni hapana yenye adabu. Ana kwa ana kila mtu anaielewa. Kwenye tiketi mtu huisoma kama ahadi. Nina moja niliyoijibu hivyo, na mwombaji amekuja kuniulizia mara nne kwa miaka miwili. Leo nimemwandikia: hapana, samahani kwa kukuchelewesha. Akajibu "asante" tupu. Sijui kama amekasirika.

Saa 10 jioni

Mgeni ameleta msimbo wa kuunganisha malipo ya simu, mistari zaidi ya 3,000 kwa mpigo. Chini yake akaunti nyingine, mpya vilevile, inaniuliza mbona nachelewa, mradi umekufa?

Hapo nywele zilinisimama. Mradi wa xz, programu huria ya kubana mafaili, ulikuwa na mtunzaji mmoja aliyechoka; akaunti zisizojulikana zikamsukuma aongeze msaidizi, na mtu aliyejiita Jia Tan akaaminiwa polepole, hata akapenyeza mlango wa siri kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Machi 2024 mwandishi wa programu, Andres Freund, aliugundua kwa sababu kuingia kwenye seva kwa SSH, njia salama ya kuingia kutoka mbali, kulichelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde!

Huyu wangu huenda ni mwanafunzi mwenye hamu tu. Nimemshukuru, nikamwomba aukate msimbo vipande vidogo, kila kipande na majaribio yake. Yule wa kunihimiza sikumjibu.

Saa 3 usiku

Kusahihisha hisa kumekamilika, msimbo wenyewe mfupi kuliko maelezo yake. Natuma toleo la majaribio Ifakara. Baada ya dakika chache naletewa picha ya skrini: hisa za namba 12 ni tatu, kosa liko palepale na mstari wake chini. Wameandika na marejesho ya 4,000 kuua ule mkopo. Sanduku na simu vinalingana, isipokuwa deni la riba, 400, limebaki linaning'inia. Mikopo sikuigusa leo.

Nikaona aibu, nikamtumia mama 400 kwa simu. Haikupita muda, simu ikalia: 400 imerudi. Ikafuata sauti, safari hii ya sekunde 9, bila salamu.

"Mwanangu, kikoba hakipokei hela ya mtu asiye mwanachama."