Na Darubini hadi Amani

Basi la Tanga lilitushusha Muheza, wahadhiri wanne wa idara nne: hesabu, historia, udongo na sheria. Chuoni tunaonana vikaoni tu. Kilichotufanya marafiki ni kutazama ndege. Gari la Amani, hifadhi ya msitu katika milima ya Usambara Mashariki, huondoka mchana, kwa hiyo anayefika jioni atafute pa kulala. Barabara ya vumbi, tope tupu wakati wa masika, hupitia Kisiwani hadi lango la hifadhi pale Sigi, ambapo nyumba ya mkuu wa stesheni ya reli ya Wajerumani ingali imesimama. Tukalipa kiingilio, kisha kona juu ya kona hadi Amani, karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari.

Tulimfuata ndege mmoja hasa, Artisornis moreaui, mdogo, wa kijivu, mdomo mrefu. Jina lake linatokana na Reginald Moreau, aliyekuja mwaka 1928 kwenye kituo cha utafiti wa kilimo. Hakuajiriwa kwa ajili ya ndege. Kabla ya hapo alikuwa mkaguzi wa hesabu za jeshi, na ndege alijifunza kwa kupenda tu. Wengi humkosa ndege huyu kwa kujitosa msitu wa ndani, ilhali yeye hupenda mitambaazi iliyosongamana pembeni mwa msitu na penye mapengo ya miti iliyoanguka. Simama barabarani, tazama juu, tega sikio.

Darubini iliyotufaa ni ya 8x42, yaani hukuza mara nane na lenzi yake ya mbele ina upana wa milimita 42. Gawanya 42 kwa 8: mwanga unaoingia jichoni una upana wa milimita 5.25. Ile ndogo ya mfukoni, 10x25, hutoa 2.5 tu, na chini ya miti saa kumi na mbili na nusu asubuhi utaona kivuli kinachorukaruka. Irekebishe kabla ya kutoka. Funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la kati mpaka jani la mbali lionekane vizuri kwa jicho la kushoto. Kisha funga la kushoto, uzungushe pete ya upande wa kulia, gurudumu usiliguse. Mwenye miwani ashushe vikombe vya macho, la sivyo ataona duara dogo katikati. Ukungu ukishika lenzi, subiri ikauke yenyewe. Ukifuta kwa shati, vumbi litaichuna.

Kundi la ndege wa aina mbalimbali likipita, chozi wa Amani akiwa juu na wengine vichakani, kila mtu akikimbilia ndege wake, wote watapotea. Sisi tuligawana: mmoja vilele, mmoja matawi ya kati, mmoja chini, wa nne na daftari. Penseli, si kalamu ya wino. Unyevu wa Amani hufuta kurasa nzima. Kuwachezea ndege sauti zao kwenye simu tulikataa. Huacha kula wakaja kupambana na spika.

Jioni ni mahakama, na mwenzetu wa sheria ndiye hakimu. Ndege aliyeonwa na mmoja bila alama mbili za kumtambulisha huandikwa na alama ya kuuliza. Moreaui wetu, mdomo ukionekana dhahiri lakini mwili ukiwa nyuma ya majani, alipewa alama hiyo. Mwanahistoria bado amekata rufaa.